Kisu Alichokifunga Peke Yake

Mume wangu alikufa kwa ngiri katikati ya msimu wa pamba. Ngiri si ugonjwa wa kumwua mtu aliye karibu na hospitali, na sisi hatukuwa mbali. Tulikaa kwenye kituo kidogo cha treni, mbele ya Bukene ukielekea Mwanza, na Tabora unafika siku hiyohiyo. Watu wakiniuliza alikufa na nini huwa nasema tumbo, kwa kuwa ni jibu fupi. Hapa nitaeleza yote.

Alikuwa fundi wa kiwanda cha kuchambua pamba. Kiwanda kilijengwa na Wahindi, na baada ya Uhuru kikachukuliwa na ushirika. Ndani mashine zilisimama mstari, na kila moja ilikuwa na gogo refu lililovikwa ngozi nene, na kisu cha chuma kilichobanwa juu ya ngozi hiyo. Gogo likizunguka, ngozi huvuta nyuzi na kisu huzuia mbegu zisipite. Kisu kikibana mno, ngozi inaungua. Kikilegea, mbegu zinapasuka na pamba inachafuka. Kila baada ya muda lazima kifunguliwe na kufungwa upya, na aliyejua kukifunga alikuwa yeye peke yake.

Kabla yake fundi alikuwa Kalasinga mmoja. Mume wangu alimsaidia miaka mingi, na miaka yote hiyo Kalasinga hakumwonyesha. Alimwacha afungue mashine, asafishe, abebe gogo begani, lakini ikifika kukaza kisu alimtuma maji ya kunywa. Mume wangu alijifunza kwa kuchungulia akiwa anarudi na maji, kidogo leo, kidogo mwezi unaofuata. Kalasinga alipouza vitanda vyake na kuondoka nchini kama wengi wa wakati ule, meneja wa ushirika alimwuliza msaidizi, "Unaweza?" Akasema naweza. Jioni ile tulichinja kuku.

Mimi nilikuwa kibarua palepale, nikichagua pamba, safi huku, ile chafu tuliyoiita fifi kule. Kwa hiyo geti la kiwanda nalijua. Msimu ukifunguka watu walikuja kutoka Lusu, wengine kutoka Choma kule Igunga, wengi wao vijana wenye nguvu, baadhi bado wamevaa kaptula walizomalizia shule. Tulikuwa tumeambiwa na serikali kila mtu afanye kazi, nasi tulikubali kwa moyo mmoja, ila hapo getini kazi yenyewe ilikuwa ya wachache. Nyapara alikuwa na vipande vya bati vyenye namba. Aliyepata kipande aliingia. Angeweza kuvigawa kwa mkono, lakini alipenda kuvirusha juu. Watu waligombania vumbini, wanawake kwa wanaume, yeye akicheka na mlinzi.

"Umemwona yule wa kaptula?" alisema asubuhi moja. "Kamng'ata mama wa watu."

"Mwandike," mlinzi akajibu. "Mwenye meno anafaa kuchambua pamba."

Mume wangu aliyaona hayo kila siku akipita pembeni, maana fundi hakuhitaji kipande. Nafikiri hapo ndipo woga ulipomwingia. Hakuona watu wenye njaa nje ya geti. Aliona watu wanaosubiri nafasi yake.

Ushirika ulimletea wasaidizi. Wa kwanza alipelekwa Dar es Salaam kusomea mitambo, akarudi na tai, akapewa ofisi mkoani, na mashine hakuigusa tena. Baadaye wakaja wawili, watu wazima wenye wake na watoto, wapole, wanaopenda kazi. Akawafanyia kama alivyofanyiwa.

"Lete grisi."

"Fundi, grisi si hii hapa miguuni pako?"

"Hiyo ina mchanga. Kalete ya stoo."

"Mpaka turudi kutoka stoo utakuwa umeshamaliza."

"Ndiyo maana nakutuma wewe mwenye miguu mirefu. Wahi."

Walicheka, wakaenda. Yeye akageuza mgongo na kufunga kisu.

Ngiri ilimtoka baada ya kunyanyua gogo. Mwanzoni ilikuwa uvimbe mdogo aliouweza kuurudisha ndani kwa vidole akilala chali. Kisha ikawa hairudi upesi. Mganga wa zahanati alimpapasa, akamwandikia aende Tabora akapasuliwe, akamwambia asingoje. Tukaenda pamoja kwa meneja, kwa sababu nilijua akienda peke yake atarudi bila kusema kitu.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kupewa kiwanda, na mpaka siku ile aliziogopa mashine zile.

"Ndugu, utakaa huko muda gani?"

"Mpaka kidonda kipone."

"Nani atafunga visu?"

"Wapo wale wawili."

"Wanajua?"

Mume wangu alitazama sakafu. Hapo palitosha neno moja tu. Angesema wanajua, angepanda treni ya jioni. Angesema nipe wiki niwafundishe, angepanda treni ya wiki iliyofuata. Alisema, "Bado bado."

"Basi subiri msimu uishe," meneja akasema. "Pamba imejaa hadi uwanjani. Nchi ina watu tele, lakini wa kisu ninaye mmoja. Nikikuruhusu leo, kesho nitawaambia nini wakulima?"

Nilimwona mume wangu akijizuia asitabasamu. Maumivu alikuwa nayo, lakini neno lile la mmoja lilimpendeza.

Njiani nilimwambia, "Wafundishe. Uhai ni wako."

"Nikirudi nitakuta kisu ni cha wengine. Halafu nifanye nini? Nikagombanie bati na wewe?"

"Hawawezi kukufukuza."

"Mimi Kalasinga nilimtamania aondoke kila siku ya Mungu," alisema. "Unadhani hawa wananiombea heri?"

 

Alifunga kitambaa kiunoni akaendelea na kazi. Nilikikaza mwenyewe kila asubuhi. Siku ngiri ilipojinyonga, utumbo ukabanwa ndani yake, nilikuwa kwenye pamba fifi, nikasikia mashine moja imenyamaza. Nikamkuta amejikunja juu ya magunia, anatapika, tumbo gumu kama ubao. Kisu cha mashine ile kilikuwa kimefunguliwa, kiko sakafuni.

Treni ilikuwa imeshapita. Meneja, sitamnyima haki yake, alitoa lori la kiwanda na kuamuru marobota ya pamba yashushwe. Lakini tulipokwisha kumlaza ndani, na injini inaunguruma, meneja aliwapandisha wale wasaidizi wawili wakapiga magoti pembeni yake.

"Waambie kinavyofungwa, ndugu. Maneno mawili tu, muondoke."

Yule mrefu aliinama mpaka sikio likakaribia mdomo wa mgonjwa. "Fundi, tunaanzia upande gani?"

Mume wangu alikuwa anatokwa na jasho la baridi. Alimtazama yule mtu vizuri, akamtambua, akasema, "Nikirudi."

"Fundi, tafadhali."

"Nitawaonyesha nikirudi."

Walishuka. Alikufa njiani, mji wa Tabora haujaonekana, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Dereva alisimamisha lori, akaniuliza tugeuze au tuendelee. Tukageuza.

Msibani alikuja mtani wetu, Mzaramo aliyefanya kazi stesheni. Sisi Wanyamwezi ni watani na watu wa kule tangu wazee wetu walipokuwa wakibeba mizigo hadi Pwani, na mtani msibani ana ruhusa ya kusema lolote. Jeneza lilipotaka kutolewa, alilala kizingitini akaziba njia. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nikimsikia dirishani. Aliigiza sauti ya mume wangu, na aliipata barabara.

"Nendeni stoo mkalete grisi. Nyie kufukia hamjui. Mkirudi mtakuta nimeshajifukia mwenyewe."

Watu walicheka uwanja mzima.

"Na malaika wakija kuniuliza, nawageuzia mgongo. Siri za kazi siwapi."

Wakacheka tena, na ndani wanawake waliokuwa wakilia walijifunika khanga mabega yakitikisika. Mtani hakukosea. Kila alilosema lilikuwa kweli, na aliyekuwa akisemwa alikuwa amelala mbele yake katika sanda. Walimpa chochote, akaondoka mlangoni, wakaenda kuzika.

Matanga yalikuwa hayajaanuliwa niliposikia mashine ile aliyoiacha wazi inazunguka. Kiwanda hakikuwa mbali na nyumba yetu, na sauti ya kila mashine niliijua. Nilidhani meneja ameleta fundi kutoka Mwanza.

Nikiwa katika eda, yule msaidizi mrefu alikuja kunijulia hali. Alikaa barazani, nami ndani nyuma ya pazia. Mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Lusu kukaa nami, alikuwa karibu yangu akipepeta mchele. Masikio yake yalikuwa mazito.

"Nani aliyeifunga?" nilimwuliza mgeni.

"Sisi, shemeji."

"Nani aliwafundisha?"

"Hakuna. Tulikosea sana. Tuliunguza ngozi moja, tukapasua mbegu gunia zima. Halafu ikakubali."

"Ni kazi ngumu?"

"Ina mazoea yake. Ngumu si sana. Alipokuwepo hatukuthubutu kugusa, ndiyo tu."

Aliacha kibaba cha sukari akaenda zake. Mama mkwe aliweka ungo chini.

"Amesema nini huyo?"

Nilimwinamia sikioni nikamweleza yote, polepole, mpaka akaelewa.

"Kwa hiyo mwanangu angeweza kwenda hospitali," alisema.

"Ndiyo, mama. Angeweza."