Jumamosi Niliyomtafsiria Mmarekani

Alipanga chumba juu ya saluni yetu pale Point, Durban, ndiyo maana akaja kusuka kwangu. Mmarekani mweusi, mama wa makamo, mwandishi wa vitabu vya kejeli ambavyo huviigiza mwenyewe jukwaani kwa sauti za watu: mchungaji, profesa, jirani mmbeya. Nywele zake za mbele zilikuwa chache. "Hizi ndizo zilizobaki," aliniambia, "tuziheshimu kama wazee." Nilimpenda hapo hapo.

Akina mama wa kanisa letu, Wakongo wenzangu wanaouza soko la Warwick, wakamwalika awachekeshe Jumamosi mchana. Kiingereza chao ni cha sokoni tu, basi nikawa mkalimani.

Tulianza vibaya. Alimwiga profesa wa kwao, nikatafsiri neno kwa neno, akina mama wakanitazama kama tuko matangani. Mama mmoja akaniuliza kwa upole, "Huyo profesa iko mgonjwa?"

Mmarekani akaweka karatasi zake chini, akasema taratibu, "Kwetu kila siku waliniambia, rudi Afrika. Nikauza gari, nikarudi. Uwanja wa ndege afisa akaniuliza, unaondoka lini?"

Sikumaliza kutafsiri. Hakuna hata mmoja mle ndani ambaye hajawahi kupanga foleni ya kuongeza kibali cha ukimbizi. Walicheka mpaka vitambaa vya kichwa vikalegea. Kisha mama muuza nyanya, aliyekaa nyuma kabisa, akasema bila kutabasamu, "Mwambie apange laini nyuma yetu. Na akuje na kiti."

Nilipomtafsiria, Mmarekani alikaa chini palepale jukwaani, akacheka huku akifuta machozi. Hakuigiza tena. Aliuliza, wakamjibu, wakataniana hadi pondu na fufu, chakula cha kwetu, vikaletwa.

Jumatatu alinishika mkono twende Warwick, akamwombe yule mama ruhusa ya kutumia maneno yake.

"Kamata," mama akamjibu, "lakini useme ni ya mimi."

Alisharudi kwao. Majuzi alinitumia video: ukumbi umejaa, naye anasimulia habari za mama mmoja wa Durban, muuza nyanya. Nikaipeleka simu hadi mezani kwa mwenyewe. Aliitazama yote, mkono mdomoni.

"Amesema vizuri," akasema. "Ila sauti yangu haiko vile. Mwambie arudi nimufundishe."