Padri anayesubiri kikohozi kanisani

Saa kumi na mbili asubuhi, Padri Auda Samawi anapanda kilima nyuma ya kijiji chake karibu na mji wa Karak, kanzu nyeusi ameikunja hadi magotini, daftari kwapani. Anakwenda kwa mtu ambaye hajakanyaga kanisani mwaka mzima, na kosa ni la padri mwenyewe.

Kwa miaka 34 amehubiri hapa na kuyachambua Maandiko kwa Kiebrania na Kigiriki. Ana madaftari 61, mengine yamefika hadi kwenye kabati la unga. "Mke wangu akitaka kupika, kwanza amhamishe nabii Isaya," anasema huku akicheka; katika kanisa lake mapadri huoa.

Usomi huo huo ulimponza. Pasaka iliyopita alihubiri juu ya mtu aliyewaacha kondoo tisini na tisa nyikani akamtafute mmoja. Aliwaacha peke yao, akasema padri. Kisha akamtaja hadharani Salame Abu Tarish, mchunga kondoo, kwamba alipopotelewa na wawili kwenye theluji hakuwafuata. Watu wakacheka. Salame akachukua bakora yake, akatoka.

"Nilirudi nyumbani najiona bingwa," padri anakiri.

Kuuliza si ujinga, lakini msomi wetu hakuuliza. Leo amekuja kuuliza.

Salame anammiminia chai bila kumtazama usoni. Anamwita Abuna, yaani baba yetu.

"Abuna, umewahi kuchunga hata mbuzi mmoja?"

"Sijawahi, Abu Tarish."

"Basi sikiliza. Ukiwaacha tisini na tisa peke yao, mbwa mwitu anafanya karamu. Unamwachia ndugu yako, ndipo unakwenda. Siku ile ya theluji ndugu yangu alikuwa mgonjwa kitandani. Ningemwachia nani? Wewe na madaftari yako?"

Padri anaandika. Kisha anaweka kalamu chini.

"Nilikuonea, ndugu yangu. Nisamehe. Jumapili nitayasema haya mbele ya wote, kwa jina lako."

Salame anamwongezea chai na kipande cha mkate.

"Sema. Nitasimama pale mlangoni. Ukikosea tena, nakohoa."

Njiani kurudi, padri anateremka mwepesi kama kijana. Anapanga kuliandika upya daftari la arobaini, lenye mahubiri yale ya kondoo, na siku moja kuyatoa yote kama kitabu.

"Wahubiri wenzangu huomba watu wasikohoe," anasema. "Mimi Jumapili hii naomba kikohozi kimoja tu. Hata nikisema sawasawa."