Karatasi Mbili kwa Mkupuo

Kila asubuhi Bu Tarni, mama jirani yetu, alichana karatasi moja ya kalenda iliyotundikwa juu ya cherehani yake. Lakini ikifika asubuhi ya thelathini Septemba alichana mbili kwa mkupuo, ukuta ukaruka kutoka ishirini na tisa hadi mosi Oktoba. Miaka yote ya ujirani wetu sikuwahi kuiona tarehe thelathini nyumbani kwake. Ndiyo siku aliyozaliwa.

Alitimiza miaka kumi na tano mwaka 1965, usiku uleule majenerali walipouawa Jakarta, lawama zikawaangukia wakomunisti. Mwezi uliofuata watu walikuja kumchukua baba yake, fundi baiskeli aliyewahi kupiga ngoma kwenye chama chao cha wakulima. Hakurudi. Baadaye ikawa amri: kila thelathini Septemba, kila nyumba ipandishe bendera nusu mlingoti. Pale mtaani kwetu Klaten, Bu Tarni alipandisha yake kabla ya watu wote.

"Wewe ukichelewa wanasema umelala," aliniambia. "Mimi nikichelewa wanasema mengine."

Mwaka 1985 nilikuwa na miaka kumi na minne. Endah, binti yake wa pekee, alikuwa amehitimu ualimu. Kilichobaki ni barua moja ya mwenyekiti wa mtaa, Pak Darmaji, kuthibitisha kwamba familia yao ni safi, haina ukomunisti. Pak Darmaji alikuwa ameahidi kuiandika. Mambo ya babu, alisema, yameshapitwa.

Kisha hesabu ya siku ikawanasa. Kwetu Java siku saba za juma hutembea pamoja na siku tano za soko, na kila baada ya siku thelathini na tano zinakutana tena kama zilivyokutana ulipozaliwa. Hiyo ndiyo weton yako. Mama hukupikia mlima wa wali, mboga za nazi na mayai, akawagawia majirani, mikosi isikuandame. Endah alizaliwa Jumatatu Kliwon, Kliwon ikiwa mojawapo ya hizo siku za soko, na Bu Tarni hakuwa ameruka hata mara moja. Mwaka ule Jumatatu Kliwon moja iliangukia thelathini Septemba.

Niliwasikia Endah na mama yake kupitia ukuta wa mianzi.

"Bu, tuiache hii moja tu."

"Wiki ijayo unapeleka maombi ya kazi, nikuache hivihivi? Ukikosa nitamlaumu nani?"

"Basi tule wenyewe, tufunge mlango."

"Ukila peke yako hiyo ni njaa tu, mwanangu. Si weton."

Akazunguka mwenyewe nyumba saba, mikononi vifurushi vya majani ya mgomba. Mama yangu alipokea cha kwetu, akachungulia nje, akafunga mlango.

"Limeze hilo yai upesi," aliniambia. "Na ganda ulizike."

Jioni Pak Darmaji alisimama barabarani, mbele ya bendera ya Bu Tarni.

"Bu Tarni! Taifa linaomboleza, wewe unapika karamu?"

"Ni weton ya mwanangu, Pak. Na wewe nimekuletea."

"Umeniletea, nimewapa kuku." Watu wawili watatu wakacheka. "Halafu nimetazama karatasi zako ofisini. Kumbe na wewe umezaliwa leo! Ningekuwa wewe ningetafuta tarehe nyingine."

Bu Tarni alitabasamu, akainamisha kichwa, kama tulivyofundishwa sote.

Barua haikuandikwa. Endah alikwenda kisiwa cha Batam kuunganisha redio kiwandani. Miaka ya mwanzo alikuja kila Idi, kisha akaacha. Mama yake alibaki na cherehani, na wali wa Jumatatu Kliwon aliendelea kuupika, kisahani kimoja, mlango umefungwa.

Mimi nilisoma, nikapata kazi gazetini. Naandika kona ya "Siku kama ya leo": nani alizaliwa, vita gani viliisha. Mwaka mmoja nilimwomba Bu Tarni ruhusa.

"Nikuweke, Bu. Mstari mmoja tu. Amri za familia safi zimekwisha, Pak Darmaji mwenyewe tumeshamzika."

"Utaniweka na nani?"

"Kuna mcheza tenisi mmoja. Ulaya huko."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Yeye kazaliwa kwao, Nduk, binti yangu. Mimi nimezaliwa hapa. Niache."

Nikamwacha.

Mwaka jana alipooza upande wa kulia. Asubuhi ya thelathini Septemba nilimpelekea uji, siku tatu kabla hatujamzika. Ukutani bado ilikuwa ishirini na tisa. Alinielekezea kalenda kwa kidevu. Nikapanda kiti, nikashika karatasi mbili. Akatikisa kichwa. Nikaiachia moja, nikachana ile ya juu peke yake.

Akaikodolea macho ile thelathini. Nje jirani alikuwa akivuta kamba ya bendera. Gurudumu la mlingoti lililia, kisha likanyamaza.

"Iache mpaka adhuhuri, Nduk," alisema. "Halafu ichane, kabla Pak Darmaji hajapita."