Taa ya Chaji Inawaka

Gari la Baba Mapacha liliwazidi umri watoto wake. Maisha yake yote mzee aliendesha magari ya watu. Hilo ndilo pekee lililokuwa lake, na tangu kiharusi kilipomlaza na kumnyang'anya ulimi, halikutoka bandani. Mkewe akajitwisha kulitunza. Kila Jumapili huwasha injini, akaiacha ingurume, kisha huingia chumbani kumpa mgonjwa habari njema.

"Taa ya chaji inawaka, Baba Mapacha. Nyekundu kabisa! Betri inashiba."

Hapo ndipo vurugu huanza. Mzee hugonga ukuta kwa mkono mmoja uliobaki na nguvu, akagumia, macho yamemtoka pima. Mama Mapacha humfuta mate na kumbembeleza atulie. Wifi zake, Mungu awasamehe midomo yao, walishakata shauri: huyu akili imekwenda, limebaki gamba tu. Mama Mapacha naye, kwa fujo ile ya kila Jumapili, akasadiki. Maskini, angesadiki nini kingine?

Betri ya pili ilipokufa, akamwita fundi umeme wa magari, bwana mcheshi aliyeitwa Plagi. Plagi akaazima umeme kwenye gari lake, injini ikakohoa, ikawaka. Akaweka mita kwenye betri, akakanyaga mafuta. Mita haikupanda ng'o. Akachungulia dashibodi, akacheka.

"Mama, dinamo imelala usingizi wa pono! Brashi zimekwama kwa kukaa. Hii taa inawaka tangu lini?"

"Siku zote. Si ndiyo ya chaji?"

"Ndiyo ya chaji. Ikiwaka, ujue chaji hakuna. Dereva yeyote ukimwambia inawaka, atakupigia kelele uzime."

Mama Mapacha akageukia upande wa chumba cha mgonjwa. Kumbe mzee alikuwa akimwambia azime. Kumbe yumo, akili zake timamu, anasikia kila neno.

Plagi akaanza kufungua dinamo huku akipiga mluzi. Mama hakumsikia. Aliyakumbuka waliyoyasema yeye na wifi zake kando ya kitanda cha mzee bila hata kushusha sauti: nguo zake apewe nani, kaburi lichimbwe wapi. Na juzi, amechoka kufua mashuka, alisema kwa kinywa chake mwenyewe, "Mungu si akuchukue tu, sote tupumzike!"

Siku hiyo mzee aligeukia ukutani. Mama alidhani kasinzia.