Matone ya Mchana

Wifi yangu hanipendi, nami simpendi, na tusidanganyane: hata baada ya haya ninayoyaeleza, bado hatupendani. Ni mke wa mdogo wangu wa kiume. Wateja wanamwita Mama Shanga kwa sababu kazi yake ni kushona shanga kwenye magauni ya maharusi, moja moja, kwa mkono, kwa sindano nyembamba ambayo ikianguka sakafuni huipati mpaka ikuchome. Mimi napiga pasi kwenye duka la dobi mtaa wa pili. Tangu ndoa yangu ivunjike naishi kwao, chumba cha uani, kando ya stoo, na hapiti mgeni ambaye hajaambiwa kwamba nyumba ile si hoteli.

Macho yake yalikuwa mabovu tangu utotoni. Kwa mbali hayakuona kitu. Bila miwani angeweza kuisalimia nguzo ya umeme na kungoja iitikie. Lakini kwa karibu, lazima niseme, yalikuwa na maajabu yake. Akikaa kazini huvua miwani, husogeza kitambaa mpaka karibu na pua, na hapo mkono wake haukosei. Namchukia, lakini kola zake nimeziona.

Tatizo lilikuwa kioo. Kila asubuhi anasimama mbele yake na kulalamika, "Miwani hii inanizeesha." Mdogo wangu ni fundi wa lifti, mtu wa nyaya na spana, lakini mbele ya yule mwanamke huwa hana kauli. Mwishowe akasema, "Basi, mke wangu, twende ukafanyiwe hiyo leza ya macho."

Mimi peke yangu ndiye niliyejua kwa nini uzee unamtia kiwewe vile. Nilisoma mbali na nyumbani, nikikaa kwa mama mdogo, na darasa la saba nilikaa dawati moja na msichana mwenye miwani minene aliyeziba majibu yake ya hesabu kwa kiwiko nisiyaone. Miaka mingi baadaye mdogo wangu akatangaza kwamba amepata mchumba, binti mbichi, mdogo kwake kwa miaka sita. Mchumba akaingia sebuleni. Miwani ile ile, kiwiko kile kile. Mimi nampita mdogo wangu miaka mitano, basi piga hesabu mwenyewe. Mchumba akanishika mkono akaubana mpaka vidole vikauma.

"Nimefurahi kukufahamu, wifi," alisema.

Nami nikasema nimefurahi. Sikumwumbua. Nilitaka niwe na jiwe langu mfukoni, la kutumia siku itakayonifaa. Yeye alijua ninalo, na ndiyo maana hakuwahi kunitazama bila kukunja uso.

Siku ya upasuaji tulimsindikiza sote wawili. Aliingia akijikaza, akatoka baada ya muda mfupi tu, macho yamefunikwa ngao za plastiki zenye matundu, kama vichujio viwili vya chai. Njia nzima alisimulia: jinsi walivyomtia dawa ya ganzi, wakambana kope kwa chuma asipepese, wakamwambia atazame taa moja ya kijani asiiache, na jinsi alivyosikia harufu ya nywele zinazoungua. "Kumbe ni jicho langu!" alisema, na mdogo wangu, usukani mkononi, nusura agonge ukuta wa geti.

Kisha ikaja dawa. Matone ya asubuhi na ya jioni alitiliwa na mumewe. Ya mchana, mume akiwa kazini, nikapewa mimi.

"Huyu?" Wifi aliuliza kitandani, mapazia yamefungwa, machozi yanamchuruzika. "Mikono imejaa sabuni za watu, aniguse macho?"

"Nitanawa," nilisema.

"Nawa mbele yangu nisikie maji."

Nikanawa. Kila mchana nilitoka kwenye pasi, nikakimbia nyumbani na njaa yangu, nikanawa huku yeye amelala chali akisikiliza bomba kama askari. "Bado. Endelea. Kucha je?" Nikishusha kope yake ya chini, anafyonza. Tone likianguka shavuni, ananiambia nimefanya makusudi. Macho yalimwasha kama yametiwa pilipili, na kwa kuwa alikatazwa kuyafikicha, alinifikicha mimi. Kuna siku nilimtilia kwa kumtakia mabaya yote duniani, lakini mkono niliutuliza. Hilo naapa.

Macho yakaanza kufunguka. Kwanza aliona saa ya ukutani. Akaona tangi la maji juu ya paa la jirani, akasoma maandishi yake kwa sauti, herufi kwa herufi, akalia kwa furaha. Halafu akaona vumbi juu ya kabati. "Kumbe hivi ndivyo unavyofagia!" Halafu akanigeukia mimi. "Wifi, kumbe una ndevu." Mdogo wangu alicheka mpaka akakohoa. Usiku ule nilijitazama kidevu kwa kioo kidogo. Zilikuwepo mbili.

Siku daktari alipomruhusu kurudi kazini, alikalia kiti chake dirishani na gauni la harusi iliyokuwa inakaribia. Akachukua sindano, akaisogeza puani kama zamani. Uzi ukapita pembeni. Akaulamba, akajaribu tena. Akarudisha mkono mbali, akauleta karibu, akafumba jicho moja, akafumba la pili. Bakuli la shanga likapinduka, shanga zikatawanyika chumba kizima. Nikapiga magoti kuziokota.

"Usiziguse!" alipiga kelele. "Umenitilia nini wewe? Umenitilia dawa ya kung'arishia nguo za dobi!"

Mdogo wangu aliporudi alimkuta analia, gauni mapajani. "Kikulacho ki nguoni mwako," alimwambia mumewe akininyooshea kidole. "Nilikwambia huyu asiniguse."

Mdogo wangu alinipeleka barazani. Huyu nilimbeba mgongoni nikiwa mtoto. "Dada," alisema, "sema kweli. Ulikuwa unanawa?"

"Nilinawa."

"Kesho tunakwenda wote kwa daktari. Akikuta kitu, utatafuta pa kukaa."

Sikulala. Sina pengine pa kukaa, na yeye analijua hilo.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, na yeye mwenyewe alivaa miwani, jambo ambalo mdogo wangu hakuwahi kuniambia. Alimkagua Wifi jicho moja moja kwenye mashine yake, akamsomesha ubao wa herufi ukutani. Alisoma mpaka mstari wa chini kabisa.

"Macho yamepona vizuri sana," daktari alisema. "Hayana kidonda, hayana uchafu. Aliyekuwa anakutilia dawa amefanya kazi safi."

Nilimtazama mdogo wangu. Yeye akatazama viatu vyake.

"Sasa mbona sioni sindano?" Wifi akafoka.

Daktari akakunja uso. "Ndicho kinachonishangaza. Mtu akipita arobaini, jicho hupoteza nguvu ya karibu. Wewe ulikuwa ukivua miwani unaona karibu kwa sababu ya ubovu ule ule tuliouondoa. Kwa mtu wa umri huo, hasa mshonaji, ningemshauri tuache jicho moja bila kuligusa. Lakini siku ile umekaa hapa na mumeo nilikuuliza, ukasema una thelathini na saba." Akafungua faili. "Ndiyo umri wenyewe?"

Mficha uchi hazai. Wifi akanigeukia, akanitazama kwa macho yale mapya, na mimi nikahisi jiwe langu la miaka yote limepata moto mfukoni. Siku yangu ilikuwa imefika. Nikavuta pumzi.

"Arobaini na nane," akasema Wifi.

Alisema kwa sauti kavu, bado ananitazama. Hata raha ile hakunipa.

Mdogo wangu alikaa mdomo wazi. Kisha, badala ya kumgeukia mkewe, akanigeukia mimi, mishipa ya shingo imemsimama. "Dada. Wewe ulikuwa unajua?"

Nikisema najua, nimemfanya mjinga nyumbani kwake miaka yote, na chumba cha uani hakina mtu tena. Nikisema sijui, sauti yangu ingenisaliti.

"Huyu?" Wifi akafyonza. "Huyu na mdomo wake huo? Angejua, si angeshatangaza mtaa mzima!"

Mdogo wangu akanitazama, akamtazama, akashusha mabega. "Kweli," akasema.

Lilikuwa tusi. Nililimeza kama lilivyo, mbele ya daktari.

Tulirudi na miwani ya kusomea na chupa nyingine ya matone. Wifi aliivaa dirishani, akatunga uzi kwa shida, akanikuta namtazama. "Nini?" Nikaenda zangu uani. Mchana wa kesho yake nilitoka kwenye pasi, nikakimbia nyumbani kama kawaida. Alikuwa amelala chali tayari, macho wazi, anatazama dari.

Nikaenda kufungua bomba.

"Acha bomba bwana, njoo unitilie," akasema.

Nikanawa hivyo hivyo, mpaka kucha.