Tonton, Fimbo Mbili na Tilapia wa Nguba

Mdogo wake mama alirudi Bukavu kutoka Amerika na sanduku moja la nguo na mfuko mrefu mweusi ambao mama alidhani una bunduki. Alimzuia mlangoni.

"Umebeba nini humu ndani?"

"Fimbo, Yaya," akamjibu dada yake. "Za kuvua samaki."

Mama akashika kiuno. "Umetoka Amerika yote ile na fimbo? Huku miti imeisha?"

Hivyo ndivyo Tonton, yaani mjomba wangu, alivyoingia tena katika nyumba yetu ya Muhumba, baada ya miaka mingi ya kukata nyama katika kiwanda cha huko. Mke wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Watoto walikuwa wamekuwa watu wazima na kazi zao. Akasema anakuja kutulia kidogo, na mama akampa chumba cha nyuma.

Majuma ya kwanza hakutulia, alikaa tu. Asubuhi aliburuta kiti hadi barazani, akatazama mji, akaanza kulalamika. Nyumba zimepanda mlima mpaka juu. Pikipiki zinapiga kelele. Rafiki zake wa shule, akimwuliza mama habari za huyu, amekufa. Za yule, yuko Kinshasa. Wa tatu, amekufa naye. Chakula alikula nusu. Mama alivumilia, kisha siku moja akaniita jikoni.

"Umupeleke ku ziwa na zile fimbo zake. Akiendelea hivi ataota mizizi ndani ya kiti yangu."

Mimi nasuka nywele. Saloni yangu iko Nguba, na kutoka pale ni mteremko mfupi tu hadi majini. Mteja wangu mmoja, mama mwenye kicheko kikubwa, ana kiwanja kinachoishia ziwani, majani tu na mawe machache, na pembeni wavuvi wa sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, huanika nyavu zao asubuhi wakitoka kazini. Nilimwomba ruhusa, akakubali kabla sijamaliza kusema. Alitaka kuona.

Tonton alifungua mfuko, akatoa vipande vinne vya fimbo nyeusi, nene, akaviunganisha. Nilikuwa nimezoea ndoano na mnyoo kama kila mtu. Huu ulikuwa uvuvi mwingine kabisa. Hutupi chambo wala risasi ya kuzamisha uzi. Unachotupa ni uzi wenyewe, mnene, wenye rangi ya limau, na mwisho wake kuna ndoano iliyovikwa manyoya ifanane na mdudu. Hiyo ndoano Tonton aliiita mushi, yaani inzi kwa Kifaransa. Haina uzito wowote, inafuata tu uzi unakoenda. Alirudisha fimbo nyuma, uzi ukapita juu ya vichwa vyetu, ukajinyoosha, akaupeleka mbele, ukalala juu ya maji kama utepe. Niliona mabega yake yakishuka. Tangu afike sikuwa nimemwona akipumua vile.

"Sasa samaki gani unamutafuta?" mteja wangu akamwuliza.

"Kule tulikuwa tunavua basi."

"Basi nini?"

"Basi. Ni jina yake."

"Sawa, basi. Lakini ni samaki gani?"

"Si nimekuambia? Basi!"

Yule mama akakaa chini kwenye majani, akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikafunguka. Tonton naye alicheka, kidogo, kwa pua. Akatueleza. Basi ni samaki wa kijani, mdomo wake mpana kama sufuria, anajificha chini ya majani ya maji, na chura akipita juu anamrukia kwa hasira. Ndiyo maana mushi zake zilikuwa kubwa kama vifaranga, nyingine na miguu ya mpira, nyingine na macho. Na ndiyo maana fimbo ilikuwa na nguvu vile: mushi kubwa haiendi mbali bila uzi mzito, na uzi mzito unataka fimbo inayoweza kuusukuma.

"Lakini Tonton, kwetu basi haiko," nikasema.

"Najua haiko. Samaki ni samaki."

Kumbe sivyo. Tulikwenda kila Jumamosi baada ya kazi, na siku nyingine katikati ya juma wateja wakiwa wachache. Tonton alinasa majani. Alinasa kamba ya mtumbwi. Siku moja, alipokuwa akirudisha uzi nyuma, alinasa kitenge cha mteja wangu kilichoanikwa, akakitupa ziwani vizuri sana, mbali kuliko siku zote. Mimi alinifundisha, na nilikuwa mbaya. Nilipiga hewa kama mtu anayefukuza mbuzi, na uzi ukanirudia shingoni.

"Subiri," alikuwa akisema. "Uzi ikiwa nyuma, subiri inyooke. Ni wakati ule ule tu inakubali kuenda mbele. Kwa nini unakimbia?"

Wavuvi wa sambaza walituzoea. Mmoja wao, mwanaume mnene mwenye sauti ya kwaya, aliuliza kila alipotuona: "Muzee, leo tunavua ao tunafukuza inzi?"

Tonton alianza kurudi barazani na kiti chake. Niliona hali inarudi kule kule. Jumamosi moja, tukiwa tumekaa juu ya jiwe bila hata samaki mmoja, nikamwuliza swali ambalo lilikuwa likinisumbua.

"Kule Amerika ulijuaje mushi gani ya kutia?"

"Unaangalia samaki anakula nini," akajibu haraka, kama mtu anayesoma sala. "Unainama, unaangalia maji. Kama anakula kitu kidogo, unatia kidogo. Halafu fimbo inafuata mushi. Mushi ndogo, uzi mwepesi, fimbo nyepesi. Ukitia mushi ndogo ku uzi nzito, inaanguka kama jiwe, samaki anakimbia..."

Alitazama kisanduku chake cha mushi, chenye vyura wa mpira. Kisha akatazama ziwa.

"Mama yangu," akasema polepole. "Siku zote hizi niko natega samaki ya Amerika."

Juma lililofuata mvua ilinyesha mchana kutwa, ikakatika saa kumi. Jua lilitoka, na kumbikumbi wakatoka nalo. Mtu wa Bukavu hahitaji kuelezwa jambo hilo. Wanawake walikuwa wameshatoka na mabeseni, na mimi nilifunga saloni nikiwa na mabawa kwenye nywele. Tulipofika ziwani, maji yalikuwa yamejaa wadudu hao, wakielea na mabawa yao wazi, na kati yao duara zilifunguka na kufungwa. Midomo! Tilapia walikuwa wakipanda juu na kuwanyonya mmoja mmoja, taratibu, karibu kiasi kwamba ningeweza kuwamwagia maji ya kikombe.

Tonton alitupa chura wake. Duara zote zikafungwa. Ziwa likawa kama meza iliyopanguswa.

"Jumatatu," nikamwambia, "tutatengeneza kumbikumbi."

Saloni yangu siku ya Jumatatu huwa tulivu. Tonton alikaa kwenye kiti cha wateja, akashika ndoano ndogo kwa kibano cha nyusi. Mwili wa mdudu niliutengeneza kwa meshi, zile nywele za kusukia, rangi ya kahawia, niliyoizungusha kwa uzi ule ule ninaoshonea nywele. Mabawa yalitoka kwa kuku wa jirani. Shingoni nikatia unyoya wa jogoo wa mama, ambaye alinidonoa nilipomwomba. Fundo nikalifunga kwa vernisi, ile rangi ya kucha. Wa kwanza alifanana na mende aliyenyeshewa. Wa pili alikosa kichwa. Wateja wawili waliokuja kusukwa walikaa kungoja, kisha wakaanza kutoa maoni.

"Mabawa ndefu sana. Kata."

"Mupunguzie tumbo. Ule ana mimba."

Kufikia mchana tulikuwa na watatu ambao ningeweza kuwatupia hata kuku wenyewe, wakadanganyika.

Nilitegemea Tonton afurahi. Alikuwa amewaweka kiganjani, akiwatazama tu. "Fimbo yangu itawaua hawa," akasema. "Ni nzito." Akatoka, akapanda pikipiki kwenda Muhumba. Aliporudi alikuwa amebeba bomba moja jembamba la aluminiamu, lililokuwa ndani ya ule mfuko mweusi tangu siku ya kwanza. Sikuwa nimewahi kuliona likifunguliwa.

"Ilikuwa ya tantine yako," akasema, akimtaja marehemu mke wake. "Jumamosi tulikuwa tunaenda sisi wawili. Yeye hakupenda basi. Alikuwa anasema ni samaki ya makelele. Alitafuta samaki ya kidogo-kidogo, na fimbo hii."

Alijaribu kufungua kifuniko, kikakataa. Nilikichukua nikakifungua mimi. Ndani fimbo ilikuwa imefungwa kwa kitambaa chenye maua, na kitambaa kilikuwa bado na harufu ya sabuni. Tonton alikiweka usoni kwa muda. Wateja wangu, watu wanaojua kusema juu ya kila jambo, walitazama sakafu. Kisha akakikunja, akakitia mfukoni, akanikabidhi fimbo.

"Ushike. Unaona?"

Niliona. Ile nyingine ilikuwa kama kushika mchi. Hii ilikuwa hai, ilitikisika nikitikisika.

Mvua nzuri ilichelewa mpaka Alhamisi. Habari ilikuwa imetutangulia, kwa maana tulikuta mteja wangu mwenye kiwanja amekaa tayari kwenye beseni lililopinduliwa, na wavuvi wa sambaza, ambao kwa kawaida saa hiyo hujitayarisha kwa kazi, wamesimama mikono kifuani. Kumbikumbi waliruka. Duara zikafunguka. Tonton alifunga mdudu wetu kwenye uzi, akanisukuma mbele.

"Weye ndiye utatupa."

Nilirudisha nyuma. Nikasubiri. Mara hii nilisubiri kweli, mpaka niliposikia uzi ukinivuta mkono kutoka nyuma, nikauachia mbele, na kumbikumbi wa meshi akaanguka kati ya wenzake bila sauti. Mdomo ukatokea chini yake. Nilivuta kwa nguvu, nikamnyang'anya samaki chakula chake kabla hajafunga mdomo.

"Mwache ale kwanza!" watu kama saba walinipigia kelele pamoja.

Nilitupa tena. Mdomo ukatokea. Nikauma midomo yangu mwenyewe, nikahesabu moyoni, nikainua fimbo. Ikapinda! Ilipinda mpaka mkononi, na uzi ukaanza kukata maji kwenda kulia, kisha kushoto. Sijui nilipiga kelele gani. Tonton alikuwa sikioni mwangu: "Umwache akimbie, umwache, sasa kunja uzi, kunja pole pole." Yule mvuvi mnene aliingia majini na suruali yake, mteja wangu akamrushia beseni, na kwa pamoja wakamwinua samaki: tilapia mwenye upana wa sahani, mgongo wa kijivu, tumbo la manjano kidogo. Watu walipiga makofi. Mteja wangu alianza kucheza.

Tonton alipiga magoti. Alilowesha mikono, akamtoa ndoano mdomoni kwa upole kama daktari, akamshika chini ya tumbo, akamshusha majini, na kumwachia.

Tilapia akapiga mkia mara moja. Akaenda.

Makofi yakakatika, na mteja wangu akabaki na mguu mmoja hewani.

"Muzee," hatimaye mvuvi mnene akasema, maji yakimtiririka. "Samaki iko wapi?"

Tonton alitazama mikono yake mitupu. Uso wake ulibadilika polepole. "Kule," akasema, "tulikuwa tunawarudisha. Ili wakue."

"Ili wakue? Ule alikuwa mukubwa!"

"Amemurudisha!" mteja wangu akalia, ameshika kichwa. "Bugali iko ku moto, mutu anarudisha mboga ndani ya maji!"

Ndipo Tonton akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko ambacho mama alikuwa akinisimulia nilipokuwa mdogo, kinachoanzia tumboni, kinamwinamisha mtu, kinamtoa machozi. Aliomba msamaha huku akicheka. Alimwomba mvuvi, akamwomba mteja wangu, akageuka akaliomba hata ziwa. Sote tulishindwa kujizuia, hata mimi niliyenyang'anywa samaki wangu wa kwanza.

"Unipe ile fimbo," akaniambia alipopata pumzi. "Nina deni ya mboga."

Sikuwa nimewahi kumwona akitupa kwa fimbo ile nyepesi. Aliposhika ile nzito alikuwa hodari. Kwa hii alikuwa mpole. Kabla mwanga haujapungua alitoa wawili, mmoja wa kiasi na mwingine mdogo, na safari hii mvuvi alisimama pembeni yake na beseni kama polisi, akiwapokea mwenyewe kabla Tonton hajapiga magoti. Mmoja tulimwachia mwenye kiwanja. Wa pili tulimpeleka nyumbani, na mama akampika kwa nyanya na pilipili. Aliposikia habari za yule aliyerudishwa aliweka kijiko chini, akamtazama mdogo wake kwa muda mrefu. Kisha akamwongezea bugali. Tonton alimaliza sahani.

Sasa mushi natengeneza zaidi ya nilivyowahi kufikiria. Wateja wananiletea manyoya kwenye mifuko ya plastiki, ya bata, ya kanga, moja hata ya kasuku. Kumbikumbi wasipokuwepo tunatumia mdudu mdogo mweusi wa uzi tu, anayezama kidogo, na siku nyingi hatupati kitu. Tonton haburuti tena kiti barazani. Anashuka Nguba kwa miguu, anapanda akihema, na njiani anasalimiana na watu ambao mimi siwajui.

Juma lililopita alikuwa saloni kwangu akinishikia ndoano, simu yake ikalia. Alikuwa binti yake wa Amerika. Nilimsikia akiuliza, "Papa, unarudi lini?"

Tonton alitazama nje. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye mabati.

"Mvua ikiisha, tutaona," akamwambia, akanikonyeza. Huyo mtoto amekulia kule. Hajui mvua ya Bukavu inavyokawia kuisha.