Skrubu Niliyoizungusha

Mama alinipigia simu kutoka Dundori akisema anasafisha stoo ya viazi, na ile amplifaya ya baba imejaa mavi ya panya. Nije niichukue, la sivyo ataitupa. Nilipanda huko siku hiyo hiyo. Mimi ni fundi wa vyombo vya muziki hapa Nakuru, na unaweza kujiuliza kwa nini kifaa cha baba yangu mwenyewe kilikaa stoo miaka yote hiyo nikitengeneza vya makanisa ya watu. Nilikuwa nakiogopa.

Tulipokuwa wadogo tuliishi mjini, katika nyumba za kampuni nyuma ya kinu cha unga alichofanyia baba kazi. Kila kitu kilikuwa na unga: kamba za nguo, sukuma wiki za mama, nyusi za baba mwenyewe. Jumapili tukitoka kanisani mama aliweka jiko la makaa mlangoni, akachemsha minji na viazi, nami nikamenya vitunguu huku machozi yakinitoka. Baba alivuta amplifaya kutoka chini ya kitanda. Alikuwa ameinunua kwa mzungu aliyekuwa akihama shamba lake, nayo ilikuwa nzito kama gunia la mahindi. Ndani mlikuwa na valvu, zile chupa za kioo zilizokuza sauti kabla ya vifaa vya siku hizi. Aliiwasha, tukangoja. Kwanza ilikuja harufu ya vumbi linaloungua, kisha mngurumo mdogo, halafu gitaa. Majirani walitoa viti nje bila kuitwa.

Nyuma haikuwa na kifuniko. Mara moja moja baba alichukua bisibisi, akagusa skrubu moja ndogo, akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nami nikaamini kwamba utamu wote wa ile sauti ulitoka kwenye hiyo skrubu.

Jumamosi moja alikuwa apige gitaa kwenye harusi Rongai. Suti ilikuwa imepigwa pasi, amplifaya imewashwa ipate moto, naye ameenda kuoga. Nilikuwa msichana wa miaka tisa. Nilitaka sauti yake siku hiyo iwe tamu kuliko ya mtu yeyote, basi nikachukua bisibisi nikazungusha ile skrubu mpaka ikagoma.

Mngurumo ulikua. Vibati vilivyokuwa ndani ya valvu kubwa vikaanza kuiva, vikawa vyekundu kama makaa ya mama. Kisha moshi. Baba alikuja mbio, sabuni ikiwa bado masikioni, akang'oa waya ukutani.

"Nani ameguza hii kitu?"

"Stima ilipotea ikarudi," nikasema. "Halafu ikaanza kutoa moshi."

Aliangalia balbu ya sebuleni, akaangalia ukuta, akaniamini. Hata hakuniuliza mara ya pili.

Transfoma ilikuwa imeungua, na ya aina ile haikupatikana Nakuru. Kule Rongai wenzake wa bendi walimchukua kijana wa Gilgil aliyekuwa na kifaa kipya, na kijana huyo akabaki nao. Baba alimwambia mama kwamba makosa ni yake, hakupaswa kuacha kifaa kikiwaka na stima mbaya kama ile. Nilikuwa pale nikiosha vyombo, nikasikia, nikaendelea kuosha. Mwaka haukuisha kabla hajalitoa gitaa lake kwa kanisa. Jumapili zikawa za redio, na viti vya majirani vikabaki ndani. Nilipoenda kusomea ufundi aliwaambia watu kwamba nimerithi masikio yake.

Sasa nilikuwa na lile sanduku mezani pangu. Nikang'oa kila kitu nikaanza upya. Ile skrubu, nilikuja kujifunza ukubwani, haikuwa na utamu wowote. Valvu kubwa zinahitaji umeme kidogo wa upande wa hasi wa kuzizuia. Bila huo zinakunywa umeme mpaka zijiunguze. Skrubu ilipunguza au kuongeza kizuizi hicho, na fundi aliyebuni kifaa hicho zamani aliiachia nafasi ya kukiondoa karibu chote.

Sehemu hiyo niliichora mara nne. Transfoma mpya ilikuwa na waya wake wa kazi hiyo, nikaweka dayodi, kapasita mbili, na rezista, kipande cha kubana umeme, ambayo haizunguki kama skrubu, ili hata mtu akikaza skrubu mpaka mwisho, kizuizi kibaki cha kutosha. Nikapanga pia kwamba skrubu ikichakaa na kuachia, umeme wa kuzuia uongezeke badala ya kupotea. Kabla ya kuweka valvu nilipima na mita, kisha nikaziweka, nikazungusha skrubu mpaka ikagoma kama siku ile. Nilisimama robo saa nikiangalia. Hazikuwa nyekundu.

Niliirudisha Dundori pamoja na gitaa la kuazima. Baba alikuwa barazani na sweta mbili, maana ukungu ulikuwa haujaondoka. Kumbukumbu zake zimekuwa zikimtoka tangu mwaka juzi. Nilimwekea gitaa mapajani, akalishika kwa adabu kama mtoto wa mgeni, akanirudishia. Nikapiga mwenyewe, vibaya, naye akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

Nikazima, nikamwambia yote. Kwamba stima haikupotea. Kwamba ni msichana mdogo aliyezungusha skrubu na kudanganya.



"Huyo mtoto," akauliza, "babake alimchapa?"

"Hapana. Hakujua."

"Hiyo ni mzuri. Mtoto hakuwa na nia mbaya." Kisha akamgeukia mama, akamuuliza kama mgeni amepewa chai.

Kinu kilifungwa, na nyumba zile zimegeuzwa maghala. Nikipita pale sisikii harufu ya unga wala minji. Hayo nimeyazoea. Ila nilikaa barazani na kikombe changu, nikiwa nimesamehewa na mzee mpole aliyedhani tunazungumzia watoto wa watu, na yule niliyetaka anisamehe alikuwa ameshaondoka, nami sikuwa nimemwahi.